Basi Haliitwi Segera

Mwishoni mwa Juni 2005, nikiwa darasa la tano, nilimsahihisha babu yangu mbele ya wageni. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alifariki mwaka 2011, na mimi nikaja kulijua kosa langu miaka tisa baadaye, kwa hiyo msamaha wangu hauna pa kwenda isipokuwa hapa.

Tulikuwa nyumbani Handeni, likizo ya katikati ya mwaka. Juni kwetu ni kiangazi chenye ubaridi kidogo, na anga huwa safi tangu jua linapozama. Babu alikuwa amemaliza swala ya magharibi, bado amekaa mkekani uani, akizungumza na majirani wawili waliokuja kuulizia mbuzi. Upande wa magharibi, juu ya miembe, nyota tatu zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba ungenyoosha mkono ungezifunika zote kwa vidole viwili. Moja iling'aa kupita zote. Ya pili ilikuwa imeigandama. Ya tatu ilikaa pembeni kidogo, rangi yake manjano hafifu.

Babu akasema bila kuinua sauti, "Zuhura, Utaridi na Zohali wamekutana leo."

Mimi niliyekuwa wa tatu darasani sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, "Babu, Utaridi haionekani kwa macho. Ni sayari ya tisa, ya mwisho kabisa. Na Zohali ni ya saba. Mwalimu katufundisha." Kisha, kwa ushahidi, nikazitaja zote kwa mpangilio, kama tulivyokuwa tukiziimba darasani tukipiga makofi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi.

Wageni wakacheka kwa furaha. "Mzee, umepata msomi hapa!" Babu naye akatabasamu. "Haya, mwalimu," akasema, akarudi kwenye habari za mbuzi. Tangu siku hiyo hakunitajia tena jina la nyota hata moja.

Babu hakuwa amesoma shule. Alipelekwa Pangani akiwa kijana, akakaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha akasafiri na majahazi kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi bara kulima. Majina yale aliyapokea kutoka kwa watu waliokuwa wakiyahitaji usiku ili wafike salama. Mimi niliyapokea kutoka ubaoni, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Nilikuja kuwa mwalimu kweli. Nilipangiwa shule ya msingi Korogwe, na kwa miaka mitatu nikawaimbisha watoto wa wenzangu wimbo uleule, na makofi yaleyale.

Desemba 2020 ndipo mambo yalipoharibika. Habari zilienea kwamba tarehe 21 sayari mbili kubwa zingekaribiana kuliko wakati wowote tangu mwaka 1623, na kwamba mara ya mwisho watu kuweza kuona ukaribu wa namna hiyo ilikuwa mwaka 1226. Nikapakua kwenye simu programu ya Stellarium, nikasimama nyuma ya chumba nilichopanga, nikiipa mgongo milima ya Usambara na kutazama kusini magharibi, upande wa kwetu Handeni. Baada ya siku kadhaa za mawingu nikaziona: nukta mbili zilizobanana, nafasi kati yake ikiwa kama moja ya tano ya upana wa mwezi. Nikataka kuwaambia wanafunzi wangu kwa Kiswahili ni zipi. Nikatafuta. Nikakuta Mshtarii na Zohali. Lakini Zohali yangu, ile ya wimboni, ilikuwa ya saba, na sayari ya saba haionekani hivyo kwa macho. Hii iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya sita.

Nilisoma kwa wiki mbili. Kisha nikafanya jambo ambalo sasa natamani nisingelifanya peke yangu: nikairudisha ile programu nyuma hadi jioni ya tarehe 25 Juni 2005, nikaweka Handeni, nikatazama magharibi. Zilikuwepo zote tatu. Zuhura, Utaridi na Zohali, zimekutana.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana si dogo na si la babu yangu tu.

Wahenga wa pwani walizijua sayari tano zinazoonekana kwa macho, wakazipa majina yenye asili ya Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Jan Knappert, mtafiti wa lugha na fasihi ya Kiswahili, alichapisha makala kuhusu majina ya Waswahili ya nyota na sayari mwaka 1993, kwa hiyo hayakuwa siri ya mzee mmoja wa Handeni. Mbali na sayari, wahenga walikuwa na buruji kumi na mbili, yaani vituo ambavyo jua, mwezi na sayari hupita. Sumbula ni buruji: maana yake shuke la nafaka. Sarateni ni buruji: maana yake kaa. Kausi ni buruji: maana yake upinde. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni sayari.

Ukipanda basi Korogwe kwenda Dar es Salaam utapita Segera. Basi lako litasimama pale, utanunua machungwa, litaondoka. Basi haliitwi Segera. Lakini wimbo wetu ulifanya hivyohivyo: uliikuta Mshtarii ukaiita jina la kituo. Na kama mtu angetoka nje Juni ile ya 2005 angeona jambo la kuchekesha zaidi, kwa sababu mwaka huo Mshtarii ilikuwa kweli inapita Sumbula. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu jioni nzima. Mwaka uliofuata ilishasonga mbele, kama basi.

Zebaki ndiyo inayonisikitisha zaidi. Sisi wa Handeni zebaki tunaijua. Ni ile metali ya majimaji ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu, nayo huwadhuru. Imefikaje angani? Kwa Kiingereza, metali hiyo na sayari ya kwanza zina jina moja. Sioni maelezo mengine zaidi ya kwamba mtu alifungua kamusi ya Kiingereza, akakutana na metali, akaipeleka mbinguni. Utaridi, mwenye nyumba, akabaki bila makazi, akasukumwa hadi nafasi ya tisa. Nafasi hiyo ilikuwa ya Pluto, ambayo iligunduliwa mwaka 1930 na ambayo tangu mwaka 2006 wanaastronomia hawaihesabu tena kuwa sayari kamili. Zohali nayo ikapewa nafasi ya Uranus, iliyogunduliwa mwaka 1781. Jina lilikuwepo karne nyingi kabla ya hiyo inayodaiwa kuwa mwenye jina.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshapewa, kwenye ofisi ya walimu, na mtu ninayemheshimu. "Mwalimu, majina ni makubaliano. Ikikubalika Sumbula, basi ni Sumbula. Kwani sayari inajali?"

Sayari haijali. Makubaliano nayakubali: lugha hubadilika, na sina ugomvi na neno jipya. Ugomvi wangu ni huu. Makubaliano huwa kati ya watu wanaozungumza juu ya kitu kimoja. Waliotuletea orodha ile hawakukubaliana na babu yangu. Hawakumuuliza, na wala hawakuitazama ile nyota. Matokeo yake ni kwamba mtoto akitoka shuleni na mzee akitoka baharini wakasimama uani usiku mmoja, hawawezi kusemezana. Na kati ya hao wawili, tumemfundisha mtoto kwamba mjinga ni mzee. Hilo nalijua kwa sababu mtoto nilikuwa mimi.

Halafu kuna jambo baya zaidi ya majina: orodha yetu ingeweza kuwa na makosa yote hayo kwa miongo bila mtu kushtuka, kwa kuwa hakuna aliyetarajia mtoto aende kuangalia. Ungemfundisha mtoto wa Korogwe kwamba mto Pangani unaanzia baharini na kupanda Kilimanjaro, angekukatalia siku hiyohiyo, maana mto anauona. Sayari anaziona pia. Zuhura iko juu ya paa lao miezi mingi ya mwaka. Ila hakuna aliyemwambia kwamba ile ya kwenye wimbo ndiyo hii.

Pengo hilo halikai tupu. Januari 2025 lilijazwa na WhatsApp.

Kwenye kundi la ukoo wetu uliingia ujumbe wenye picha ya sayari zimepangwa kama shanga kwenye uzi, Zohali na pete zake kubwa kama sinia. Ujumbe ulisema sayari zitajipanga mstari mmoja, jambo ambalo halitatokea tena maishani mwetu, kwa hiyo tuzime simu usiku, watoto wasitoke nje, na mwenye mimba akae ndani. Mama yangu akanipigia kuuliza kama ni kweli. Jambo la kuchekesha ni kwamba aliniuliza akiwa uani.

Nikamwambia, "Mama, tazama magharibi. Ile kubwa inayowaka?" Akasema anaiona. "Hiyo Zuhura. Chini yake kuna nyingine ndogo?" Ipo. "Zohali. Sasa geukia kaskazini, juu. Unakiona Kilimia?" Kilimia anakijua, wazee wetu walikifuata kwa ajili ya kulima. "Karibu yake kuna nyota kubwa isiyometameta. Hiyo Mshtarii. Malizia mashariki, ile nyekundu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo hizi? Hizi si zipo kila siku?"

Zipo, na huo ndio ukweli wote wa mstari wa sayari. Sayari zinalizunguka jua karibu kwenye bapa moja, kama punje zilizotawanyika juu ya ungo, nasi tumekaa juu ya ungo huohuo. Ukiutazama ungo kwa ubavu, kila kilichomo kinaonekana kwenye mstari. Kwa hiyo kila usiku sayari zinazoonekana ziko kwenye mstari mmoja, ambao pia ndio njia ya jua na, kwa kukaribia, ya mwezi. Kinachobadilika ni idadi ya zilizo upande wetu wa usiku kwa wakati mmoja. Zikiwa nne au tano, ni jambo zuri la kuita majirani. Si jambo la kuzima simu.

Wala tusidhani kutishwa na sayari ni ushamba wetu peke yetu. Mwaka 1974 waandishi wawili wenye elimu ya sayansi, John Gribbin na Stephen Plagemann, walitoa kitabu kilichoonya kwamba mpangilio wa sayari wa mwaka 1982 ungeweza kuchochea tetemeko kubwa California. Machi 1982 ilifika, sayari zikawa upande mmoja wa jua, California ikalala salama. Hofu hiyo inauzika popote ambapo watu hawatoki nje.

Ila sisi tuna kisingizio kidogo kuliko wengine. Handeni na Korogwe ziko kama digrii tano tu kusini mwa ikweta. Huku jua huzama likishuka karibu wima, na njia ya sayari husimama juu ya upeo wa macho kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ndiyo maana Utaridi, ambayo haiachani na jua, huku kwetu hujitokeza juu ya mwanga wa machweo mara kadhaa kwa mwaka. Mtu wa London, jioni za vuli yao, njia hiyo kwake imelala chini karibu na mapaa, na anaweza kumaliza msimu mzima asiione. Kwetu sisi yenye uwanja mzuri wa kutazamia Utaridi, ndiko watoto walikoimbishwa kwamba Utaridi haionekani.

"Hatuna vifaa." Hilo ndilo jibu la pili la ofisini. Tunazungumza kana kwamba astronomia ni darubini, na darubini ni wafadhili. Babu hakuwa na darubini. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali hazihitaji darubini. Ukipata ya mkono, ile wanayovaa watalii shingoni, utaona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610, na utakuwa umepata ziada.

"Watoto hawana madawati, wewe unataka nyota." Hilo ndilo jibu la tatu, na ndilo zito. Sitalipuuza, kwa sababu nimefundisha watoto waliokaa sakafuni. Lakini dawati linahitaji bajeti, mbao, zabuni na mtu wa kusaini. Anga ni maabara ambayo imeshajengwa. Hata taa za Korogwe barabarani hazijaifuta. Tembea dakika kumi kuelekea mashamba ya mkonge na utaikuta nzima. Kumnyima mtoto kitu kisicho na gharama kwa sababu umeshindwa kumpa chenye gharama ni kumwonea mara mbili.

Watu wanakuja wakiitwa, hilo nalo nimeliona. Tarehe 7 Septemba 2025, siku ya kupatwa kwa mwezi, niliwaambia wanafunzi wangu waje uwanjani na wazazi wao. Ujumbe wa kutisha ulikuwa umeshazunguka, kwamba anayetazama atapofuka, jambo ambalo ni la kupatwa kwa jua, si mwezi. Walikuja hata hivyo. Kuanzia saa mbili na nusu usiku mwezi wote uliingia kivulini ukawa rangi ya udongo wa Handeni, ukakaa hivyo kwa zaidi ya saa moja na dakika ishirini, mawingu yakipita na kurudi. Chini yake kidogo, kuelekea mashariki, palikuwa na nyota tulivu ya manjano. Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu, akainyooshea fimbo. "Ile Zohali," akasema. Mjukuu wake akanitazama mimi kwanza kabla ya kuitazama nyota.

Kwa hiyo nayadai haya, na sidai makubwa. Majina yarudishiwe wenyewe: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na zile zilizogunduliwa baadaye ziitwe Uranus na Neptune kama dunia nzima inavyoziita, bila kuziibia buruji. Kila mtoto wa darasa la tano apewe kazi ya nyumbani ya usiku: achore anga la magharibi kwa jioni kumi na nne mfululizo, mti wa jirani ukiwa alama, aone mwenyewe nani kasogea na nani kabaki. Shule ifungue uwanja usiku mmoja kila muhula, na wazee waalikwe, si kwa ajili ya kucheza ngoma za kukaribisha wageni, bali kama walimu. Na katika mtihani liwepo hata swali moja ambalo hawezi kulijibu isipokuwa aliyetoka nje.

Nikisema hivyo naonekana jasiri. Ngoja nikueleze ya uani kwa babu, mwaka huohuo wa 2025.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 28 Februari. Nilitoka Korogwe mchana nikafika Handeni kabla ya magharibi, maana ilikuwa jioni ya kutafuta mwezi wa Ramadhani. Watu wote wa nyumbani walikuwa wamesimama wakitazama magharibi, juu ya miembe ileile, iliyokuwa mirefu zaidi. Siku hizo ujumbe mwingine ulikuwa unazunguka, kwamba sasa sayari zote saba zinaonekana. Haukusema kwamba Zohali ilikuwa imeshazama ndani ya mwanga wa jua. Mwezi ulikuwa mchanga mno, sikuuona. Lakini kama saa moja na robo, kulia na juu Zuhura ikiwaka, niliona chini kwenye wekundu nukta moja thabiti.

Binti wa dada yangu yuko darasa la tano. Nikamwinamia, nikamwelekeza kwa kidole. "Ile ni Utaridi. Ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na jua. Babu yangu alinionyesha hapahapa, nikambishia." Akaitazama muda mrefu mpaka akaishika vizuri kwa macho.

"Mjomba," akasema, "kwenye mtihani swali likija la sayari iliyo karibu na jua, niandike Utaridi au Zebaki?"

Mimi ni mwalimu. Nimesahihisha karatasi hizo. Najua mwongozo wa kusahihisha hauna uani wala miembe.

"Andika iliyoko kwenye kitabu chako," nikamwambia.

"Lakini si umesema ile pale ni Utaridi?"

"Ndiyo. Ni Utaridi."

Akanitazama vile nilivyopaswa kumtazama babu, kisha akageukia tena magharibi. Ilikuwa inashuka haraka. Tukasimama pale mpaka miembe ikaichukua.